Koti la Werema

Kila Jumapili saa nne na nusu, watu wakiwa bado wanapeana mikono nje ya kigango, Werema alimpigia simu mama yake. Kijana mwenye adabu kama huyo Natta nzima hakuwepo. Wengine wana watoto hapo Mugumu tu, na mwaka unakatika hawajasikia hata salamu. Lakini Wegesa, mjane aliyehamia kutoka Tarime na mkamwana mmoja na magunia mawili ya mitumba, alipigiwa kila wiki kutoka Mtwara, mwisho wa nchi. Simu ikilia ndani ya pindo la kitenge chake, alifungua fundo bila haraka ili kila mtu ausikie ule mlio, akasogea hatua tatu, hakuzidisha, akaanza kwa sauti.

"Eeh, mura, kijana wangu! Hatujambo! Tumetoka kusali. Mtoto anaendelea vizuri, na Tabitha anakusalimu. Usijinyime chakula huko, umesikia?"

Wanawake walimtazama kwa wivu mzuri. Hawakujua kwamba simu ile haikupigwa na mtu. Ilikuwa kengele, ameitega mwenyewe kama watu wanavyotega ya kuamkia, na Werema hakuwa Mtwara wala kwingineko, kwa sababu Werema hakupata kuzaliwa.

Kwao Tarime jambo hili lisingehitaji uongo. Mwanamke akizeeka bila mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe akaoa msichana kwa jina la mwana ambaye hakumzaa. Watoto wa msichana huyo huwa wajukuu wake, na boma la marehemu mumewe halifungwi. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita, na nani kamzalisha binti si swali la kuulizwa na mtu mwenye akili zake. Wegesa alimuoa Philomena kwa ng'ombe wa mahari ya binti yake Lilian, watu wakala, wakanywa, wakaondoka. Basi.

Sasa Jumapili yake ya kwanza hapa Natta, miaka minane iliyopita, Scholastica, mwenyekiti wa jumuiya, alimuuliza mbele ya wenzake: "Na huyu mwenye mimba ni nani wako?" Wegesa akajibu, "Mke wa mwanangu." "Na mwanao yuko wapi?" Wegesa akawatazama wale wanawake waliokaa na waume zao na wana wao, akaona aibu kuanza kueleza. "Yuko kazini," akasema. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Wiki iliyofuata walitaka jina lake, na mwezi uliofuata wakataka kujua kazi yenyewe iko wapi, akasema ni ya boti za uvuvi huko Mtwara. Kabla mwaka haujaisha Natta yote ilikuwa ikimwita Mama Werema, na jina hilo, tuseme kweli, lilimkaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa.

"Mama Werema, usikate!" Jumapili ile Scholastica alikuja mbio huku akishikilia kilemba. "Mwambie padre anakuja baada ya wiki mbili. Anafungisha ndoa saba kwa mpigo. Ya kwake tumeiandika ya nane!"

"Aa, mtandao umeondoka," Wegesa alisema, akaitazama simu kwa hasira ya kuigiza.

"Atapiga tena. Sikiliza sasa. Jumuiya tumekaa bila wewe, makusudi. Philomena miaka yote hii wenzake wakienda kupokea komunyo yeye anabaki kwenye benchi kama mgeni. Inatuuma. Nauli ya kijana kuja na kurudi tumeichanga, imetimia. Usituambie habari ya kushukuru."

Wanawake wakapiga vigelegele. Tabitha, mwenye miaka saba, akavuta kitenge cha bibi yake. "Bibi, mpigie basi na mimi niongee naye. Kila siku unasema imekata."

"Imekata," alisema Wegesa.

*

Philomena alisikiliza habari yote huku akimnyonyesha Heche, yule mdogo aliyepewa jina la babu yake. Alipoondoa mtoto kifuani ndipo alipocheka, kicheko kikavu.

"Mama, mume huyo sijawahi hata kumchemshia maji ya kuoga. Leo nivae gauni nisimame naye mbele ya padre?"

"Punguza sauti."

"Likizo zake zote, kwa maneno yako, anakuja usiku wa manane, alfajiri ameshaondoka. Wanawake bombani wananiuliza kama nimeolewa na fisi. Nanyamaza. Waambie, mama."

"Niwaambie nini?"

"Ukweli. Mimi kwetu sikuona aibu. Ng'ombe walitoka mchana, baba yangu akawahesabu, watu wanaona. Aibu hii umeianzisha wewe huku."

Wegesa aliokota ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Ndani yake alijua binti anasema kweli, na kwa sababu alijua, alikasirika. "Nikiwaambia leo," alisema hatimaye, "kesho wataniita nani?"

Philomena alimfunga mtoto mgongoni akaenda zake kutwanga.

*

Jumatano jioni Scholastica alibisha hodi akiwa na mfuko mkononi. Alikataa chai. Alitandaza kitenge mezani kwanza, ndipo akatoa koti la kijivu lenye vifungo vyeusi, limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

"Hili ni la marehemu Sylvester," alisema. "Alilivaa mara mbili tu, siku ya ndoa yetu na siku ya ndoa ya binti yetu. Ndugu zake walitaka tumzike nalo, nikagoma. Niligombana nao maiti ikiwa ndani. Niliwaambia koti hili litapata mtu. Sasa mwanao ana mabega gani?"

Wegesa alinyoosha mikono hewani. Alianza kuipanua, akaipunguza kidogo, akaipanua tena. Hakuna mama asiyejua mabega ya mwanawe, na yeye alikuwa pale anayatafuta hewani kama mtu anayepapasa gizani.

"Baba ni mkubwa," Tabitha alimsaidia. "Ni mkubwa kama mlango. Si ndiyo, bibi? Bibi aliniambia."

"Kama mlango," alisema Wegesa.

"Basi litamtosha. Sylvester wangu naye alikuwa mtu." Scholastica alilipapasa koti begani, mara moja, akainuka haraka ili asilie ugenini. Mlangoni aligeuka. "Jumapili akipiga unipe niongee naye mimi. Nataka kumsikia sauti tu."

Alipoondoka, Wegesa alikaa na lile koti mbele yake. Alitamani ardhi ipasuke. Angetukanwa angestahimili, maana matusi aliyazoea tangu ujana wake, alipoitwa mgumba wa wana. Wema ndio uliomshinda. Na badala ya wema ule kumpeleka kwenye ukweli, ulimsukuma kwenye shimo lingine. Aliona njia moja tu: Werema afe.

Alilipima jambo hilo siku nzima ya Alhamisi, naye akaliona jepesi. Kijana afie mbali, achukuliwe na bahari, mwili usionekane. Watu watampa pole, watasali, mvua zikianza kila mtu atakuwa shambani kwake. Hapatakuwa na ndoa wala mtu wa kudaiwa sauti kwenye simu. Na jina litabaki, maana mama wa marehemu ni mama bado.

Ndivyo alivyofikiri, mwanamke wa miaka sitini aliyewahi kukaa misiba yote ya Natta, akasahau msiba ni nini.

*

Ijumaa asubuhi, bombani, aliweka simu sikioni akaiachia ndoo.

"Boti," alisema. "Boti yao imezama. Werema wangu. Bahari imemchukua."

Alikuwa ameandaa maneno mengine, ya kusema kwamba wenzake wameshamtafuta na wameshakata tamaa, lakini hakupata pa kuyaweka. Scholastica alipiga yowe lililosikika mpaka barabarani, na mayowe mengine yakalipokea. Saa moja haikuisha uani kwa Wegesa pakawa na mikeka, masufuria ya jumuiya, kuni za watu watano na wanawake wanaopepeta mchele. Werema akiwa hai hakuwahi kujaza nyumba namna hiyo.

Philomena alitoka shambani jembe begani, Heche mgongoni, akakuta watu. Wanawake wawili walimdaka. Mmoja akachukua jembe, mwingine akachukua mtoto.

"Jikaze, mama. Mumeo ametutoka."

"Nani?"

"Werema, mama. Jikaze."

Philomena alimtafuta mama mkwe wake kwa macho mpaka akampata, amekaa chini ukutani, kitenge kimefunika kichwa. Wegesa alitazama chini. Walimkalisha Philomena kwenye mkeka, wakamfunga kanga kiunoni, na alipokaa bila chozi wakasema kilio kimemkwama kifuani, wakampepea.

Tabitha aliletwa na mwalimu wake. Hakupiga kelele. Alikwenda ndani akatoka na viatu vyake vya shule, vile ambavyo baba alimtumia Januari kutoka Mtwara, na ambavyo kwa kweli vilitoka kwenye gunia la mitumba la bibi yake. Alivikumbatia akalia mpaka kwikwi. Walimpa uji, akakataa. Walimpa soda, akakataa.

Wegesa alimchukua akaenda naye nyuma ya nyumba. Walikuwa wawili tu, mtoto ametulia mapajani pake, na mdomo wake Wegesa ulikuwa umeshafunguka. Maneno yenyewe hayakuzidi matano. Lakini upande wa pili wa ukuta Scholastica alikuwa akianzisha wimbo wa maombolezo, sauti imekauka, na Wegesa akafunga mdomo.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Nyamaza." Alijiona mchafu kama mtu aliyekula sadaka.

*

Jumamosi alikuja Zablon, mlinzi wa kambi moja ya watalii, pamoja na vijana wanne wenye majembe.

"Shikamoo, Mama Werema. Pole sana. Nimeomba ruhusa ya siku mbili kazini. Tuonyeshe pa kuchimba."

"Kuchimba nini, mwanangu? Mwili haupo."

"Ndiyo, lakini mtoto wa kiume hawezi kukosa kaburi kwa mama yake. Watu watatuonaje?"

Scholastica ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Tutazika koti. Lilishakuwa lake."

Mkono wa Wegesa ukaonyesha mahali karibu na migomba, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine, na vijana wakaanza kazi.

Katekista Ezekiel naye akaja na daftari. Alikuwa mtu wa utaratibu, hawezi kuzika mtu bila historia fupi ya marehemu. Ubatizo ni wapi? Darasa la saba alimaliza shule gani? Kwa kila swali Wegesa alitoa jibu, na Ezekiel akaliandika polepole kwa mwandiko mzuri, na kila jibu lilimwongezea uzito wa jiwe kichwani.

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Themanini na tisa," alisema. Huo ndio mwaka ambao mimba yake ya mwisho iliharibika ikiwa na miezi mitano, na mkunga akamwambia alikuwa wa kiume. Machozi yalimtoka hapo, ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Ezekiel alifunga daftari kwa heshima akasema yatosha.

*

Jumapili ibada ilifanyika uani kwake. Saa tatu na nusu Ezekiel alisoma historia ya Werema mbele ya watu wapatao mia, na watu wakatikisa vichwa kwa kijana mwema aliyekufa mapema. Kisha wakasogea kaburini. Lilikuwa kaburi kamili, kuta zimenyooka. Zablon hakufanya kazi ya hovyo.

Scholastica alipiga magoti kwenye kifusi. Alilitandaza koti juu ya mkeka, akafunga vifungo kimoja kimoja, akakunja mikono ya koti kifuani kama anavyolazwa mtu.

"Nilimnyima Sylvester," alisema, "leo nampa mwanao, Mama Werema. Wataelewana huko."

Tabitha alisogea akaweka viatu vyake vya shule pembeni ya koti. Hakuna aliyemtuma. Zablon akainama kuchukua mkeka.

"Usilitie," alisema Wegesa.

"Mama?"

"Litoe koti. Hamna mtu humo."

"Tunajua, mama," Scholastica alisema kwa upole. "Mwili haupo. Ndiyo maana tunazika koti."

"Hamna mtu." Alivua kitenge kichwani, maana aliona haifai kusema jambo hili akiwa amejifunika. "Sijazaa mtoto wa kiume. Philomena nimemuoa mimi, kwa ng'ombe, kama tunavyooa kwetu. Ile simu ni kengele. Hakuna Werema. Hakuwahi kuwepo."

Kijana mmoja alicheka, akapigwa kiwiko. Wegesa alisimama pale, akajiona yuko uchi mbele ya watu mia. Zablon alilitazama jembe lake. "Siku mbili," alisema, kana kwamba anaongea na jembe. "Siku mbili nimeomba ruhusa." Ezekiel alifungua daftari, akatafuta ule ukurasa, akauchana taratibu, kisha hakujua autupe wapi, akautia mfukoni.

Scholastica aliinuka, magoti yana udongo. Alilikung'uta koti ingawa halikuwa limeingia kaburini.

"Nyumba ntobhu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Si ungesema. Mambo hayo hayakuanza leo, nani hapa hayajui? Ungesema siku ile ile ningekukalisha karibu yangu."

Wegesa alisogea hatua moja kuelekea kwake.

"Nimelia, Wegesa," Scholastica alisema. Miaka minane hakuwahi kumwita jina lake tupu. "Nimemlilia mwanao kuliko nilivyomlilia mume wangu. Hayo machozi utanirudishiaje?"

Hakungoja jibu. Alikunja koti, akaliweka kwapani, akaenda, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja. Masufuria ya jumuiya waliyachukua. Unga, mchele na kuni walizoleta hawakuzigusa, na hilo lilimuuma Wegesa kuliko kama wangezichukua.

"Shimo tufukie?" kijana mmoja alimuuliza Zablon.

"Twendeni," alisema Zablon.

Philomena alifungua kanga ya ujane kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia la mchele. Alikwenda kuchukua jembe lake lililotupwa ukutani tangu Ijumaa. Alipita mbele ya mama mkwe wake bila kumtazama, akaanza kufukia kaburi.

Tabitha alikuwa ameshaokota viatu vyake. Alisimama akiwaza kwa bidii, uso umekunjamana.

"Bibi. Kwa hiyo baba hajafa?"

Wegesa alitazama ule uso uliovimba kwa siku tatu za kulia. Alikuwa amemaliza uongo wake wote, hakubaki na hata mmoja.

"Hajafa," alisema.

Mtoto aliruka. Alikimbia mpaka barabarani, viatu mkononi, akawapigia kelele wanawake waliokuwa wakiondoka. "Baba hajafa! Mama mwenyekiti! Jamani, rudini, baba hajafa!" Mmoja aligeuka, akageuza uso tena haraka.

Na hapo, saa nne na nusu kamili, simu ikalia ndani ya pindo la kitenge cha kiunoni.

Hakuwa amekumbuka kuitegua. Mlio ule kila mtu pale aliufahamu, na kule barabarani wanawake walisimama wote, Scholastica na koti lake kwapani. Jembe la Philomena likatulia. Tabitha alirudi mbio, anahema, uso unang'aa.

"Ni yeye! Bibi, pokea! Ni yeye!"

Wegesa alifungua fundo. Mtoto alimpokonya simu.

"Leo naongea naye mimi," alisema. Akabonyeza kitufe cha kijani, alichomwona bibi yake akikibonyeza kila Jumapili, na mlio ukanyamaza. Akaiweka simu sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba," alisema, akangoja aitikiwe.